Kiingereza cha Mjomba Agostino

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunifuata popote ninapolala, iwe Tunduru, iwe Masasi, iwe kwenye banda la mtu ng'ambo ya Ruvuma. Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na saba, nimevaa shati jeupe la shule wakati wa likizo ili watu walione, nikamsahihisha mjomba wangu Kiingereza mbele ya kijiji kizima. Ni hilo tu. Sikuiba na sikumpiga mtu. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami dole nimejikwaa mara nyingi njiani na limepona kila mara.

Nitakueleza taratibu, maana haraka ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mzaliwa wa Ruponda, upande wa Nachingwea. Mama yangu na kaka yake Agostino waliletwa wadogo na wazazi wao kutoka Msumbiji wakati wa vita, wakitembea kwa miguu. Sisi ni Wamakua. Kwetu, kama ilivyo kwa Wamwera na Wayao tuliowakuta, mtoto ni wa upande wa mama. Baba atakulea na atakupenda, lakini mwenye neno ni mjomba. Mjomba Agostino ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenipa jina ninaloitwa hadi leo, na ndiye aliyesema "huyu asome" mwaka ambao baba alitaka nibaki shambani. Ukimwona mjomba anakuja unakaa vizuri hata kama hujakosa kitu.

Baadaye mjomba alihamia Malolo, upande wa Ruangwa. Alipewa pori, mama akaenda kumsaidia kulifyeka msimu mzima, kisha yeye akapanda mikorosho. Kabla ya hapo, ujanani, aliwahi kufanya kazi kwa wataalamu wa kilimo wa kigeni pale Nachingwea. Alianza kwa kuwafulia nguo, akaja kuwapikia, mwishowe akawa anawabebea vyombo vyao vya kupimia ardhi. Huko ndiko alikookota Kiingereza. Nasema alikiokota kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Alikichukua kama tunavyookota korosho, moja hapa, nyingine pale, mpaka kikapu kikajaa.

Sikudanganyi, kilikuwa Kiingereza kibovu. Jana, leo na kesho zililala humo kitanda kimoja. Angesema "I go" akimaanisha alikwenda, au anakwenda, au atakwenda, nawe ungejua kwa kuutazama mkono wake. Akiupeleka nyuma ya bega, jambo lilikwisha kupita. Akigonga kifua, ni la sasa. Akiunyoosha mbele, bado halijaja. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, nikimwangalia akizungumza na mbuzi wake kwa Kiingereza, mkono unakwenda nyuma, kifuani, mbele, na mbuzi wanamsikiliza. Sijui ningetoa nini leo niyasikie tena mazungumzo yale.

Pale Malolo alikuwa na mtani wake, Mzee Nambole, Mmwera mwenye shamba lililopakana na la mjomba. Huyo hakumpa nafasi.

"Agostino," angesema, "hicho si Kiingereza. Hicho ni Kimakua kilichovaa suruali."

"Na wewe hata Kiswahili unakiazima," mjomba angemjibu. "Ukimaliza kukitumia ukirudishe."

Wangecheka mpaka wakohoe. Utani ni dawa, mwanangu, kwa sababu mtani ana kibali. Mimi sikuwa na kibali hicho, na sikujua kwamba sina.

Nilipofika kidato cha tatu, katika sekondari moja pale Nachingwea, nilipata mwalimu wa Kiingereza aliyependa kazi yake. Alikuwa anatufundisha nyakati za vitenzi. Alisema sentensi ni nyumba, usiwalaze humo wageni wasiojuana. Ukianza na jana, usikurupuke kuingia kesho. Alitupa mazoezi, nami nikayapata yote. Darasa zima nilikuwa wa kwanza. Basi nikatoka pale naona makosa kila mahali, kama mtu aliyenunua miwani mipya na sasa anaona vumbi tu. Nilisahihisha matangazo ya ukutani, nikasahihisha maneno kwenye fulana za watu. Rafiki zangu walinichoka.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Malolo kwa mjomba. Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua, na hewa ilikuwa na ile harufu yake ambayo siwezi kukueleza kama hujaisikia. Siku ya tatu likaja gari. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa kigeni, mtafiti wa magonjwa ya mikorosho, na dereva wake. Bwana shamba ambaye angemtafsiria alikuwa ameharibikiwa na pikipiki huko Chunyu. Watu walikusanyika mbele ya ghala la korosho, mgeni akasema maneno, watu wakatazamana.

"Dereva, anasemaje?" mtu akauliza.

"Mimi Kiingereza changu ni cha kushoto na kulia tu," dereva akasema. "Kupita hapo simo."

Ndipo Mzee Nambole akasimama. "Agostino yupo! Mwiteni Agostino! Leo ndiyo leo, tutajua kama miaka yote hii alikuwa anatudanganya."

Mjomba akaja. Alikuwa amepita nyumbani kuvaa koti. Naomba ulielewe jambo hili, mwanangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiwaambia watu wa Malolo kwamba anajua Kiingereza, na kwa miaka hiyo yote hakupata mtu wa kuzungumza naye isipokuwa mbuzi. Ile ndiyo ilikuwa siku yake.

Akamsalimia mgeni, mgeni akamjibu. Watu wakapiga makofi. Mgeni akauliza, mjomba akatutafsiria. Sisi tukajibu, mjomba akampelekea. Kiingereza kilikwenda kikichechemea, lakini kilifika. Yule mama alikuwa anaitikia kwa kichwa na kuandika. Hata Nambole aliacha utani, ameshika kidevu.

Kisha mgeni akaonyesha shamba la mjomba mwenyewe, akauliza ni la nani na lina umri gani. Mjomba akavuta pumzi, akasimama wima, akasema sentensi moja ndefu. Bado ninayo kichwani kama ilivyotoka:

"This place my sister is clean, I plant long time, and her son he will ate, this one."

Mkono wake ukaenda nyuma ya bega, ukarudi kugonga kifua, ukanyooka mbele. Mwishowe ukanielekea mimi.

Nami nikacheka. Nikatoka mbele za watu na shati langu jeupe. "Mjomba, hapana!" nikasema kwa sauti. "Umechanganya nyakati! Sentensi moja, nyakati tatu! Kiingereza hakiendi hivyo." Nikamgeukia mgeni nikaisema upya, safi, vitenzi vyote vikiwa vya wakati uliopita, kama nilivyodhani sheria inataka. Kisha nikawageukia watu, nikawafafanulia kwa Kiswahili jinsi mjomba alivyokosea hapa, na hapa, na pale. Nikaigiza hata mkono wake.

Vijana wakacheka. Halafu wanawake, halafu wazee kadhaa. Mmoja tu hakucheka, Mzee Nambole, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kucheka.

Mjomba akanitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akafungua vifungo vya koti, akasema kwa upole, "Haya. Msomi amefika. Mimi nilikuwa nashika nafasi tu." Akaenda kukaa kwenye ngazi za ghala.

Basi nikabaki mimi na mgeni. Akaniuliza ule ubwiri unga, ukungu mweupe unaoua maua ya mikorosho, unaanza lini, kabla ya maua au baada, na salfa tunaipuliza mara ngapi, na vikonyo vinavyokauka vinaanzia wapi. Nilikuwa najua nyakati zote za Kiingereza, mwanangu. Ubwiri unga kwa Kiingereza sikuujua. Kikonyo sikukijua. Hata kwa Kiswahili sikujua majibu, kwa sababu sikuwahi kukaa na mkorosho kutoka ua hadi korosho. Nikababaika.

"Vipi, msomi?" Nambole akauliza, na haukuwa utani. "Kimekwisha?"

Yule mama wa kigeni akanipita, akamwendea mjomba pale kwenye ngazi, akainama kidogo, akamuuliza yeye. Mjomba akatabasamu, akatikisa kichwa, akamjibu kwa Kiswahili, polepole ili aelewe:

"Mimi sijui Kiingereza, mama."

Mgeni akafunga daftari lake. Gari likaondoka.

Nilirudi Ruponda siku iliyofuata, lakini habari zilikuwa zimenitangulia na mchuuzi wa ufuta. Nilimkuta mama anamenya mihogo. Nikamwamkia. Alimaliza muhogo mzima ndipo akaitikia.

"Mjomba wako alisema nini pale ghalani?" akaniuliza.

"Alisema sentensi mbovu, mama, ilikuwa na..."

"Sijakuuliza ubovu wake. Nimekuuliza alisema nini."

Kweli, sikuwa najua. Nilikuwa nimeipasua ile sentensi kama chura wa maabara, lakini sikuwa nimeisikiliza.

"Alisema pale nilipasafisha mimi kwa mikono hii," mama akasema, akaninyooshea viganja vyake. "Akasema yeye alipapanda, na atakayekula ni wewe. Mbele ya wazee wa Malolo, na mbele ya mgeni. Alikuwa anakutaja, mwanangu. Katika ukoo wetu neno hilo mjomba hulisema mara moja. Alikuwa ameisubiri siku ya kulisema vizuri."

"Nani amekwambia? Pale hakuna aliyekuwa anajua Kiingereza."

"Nambole alimweleza mchuuzi. Nambole hajui Kiingereza, lakini anajua mkono wa mwenzake."

Nilisikia makosa matatu, mwanangu. Sikusikia kwamba nimerithishwa.

Mama akaendelea kumenya. Kisha akanieleza jinsi ya kwenda kuomba radhi. Kwetu, ukimkosea mjomba huendi na mdomo, kwa sababu mdomo ndio uliokosa. Unachukua jembe. Mvua zikikatika, kabla maua hayajatoka, unakwenda shambani kwake asubuhi mapema, hupiti nyumbani, husalimii mtu. Unaanza kupalilia chini ya mikorosho yake, mstari mmoja, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Kama hajakusamehe, hatakuja, nawe utarudi kesho, na kesho kutwa, hata juma zima. Akikusamehe, atakuja na jembe lake ashike mstari wa pembeni yako. Mtalima pamoja bila neno mpaka mwisho wa shamba. Mkifika huko yamekwisha, na hakuna atakayeruhusiwa kuyataja tena.

"Maua yameshatoka," mama akasema. "Utakwenda mwakani, mvua zikikatika."

"Nitakwenda," nikamwambia.

Mwaka uliofuata nilikuwa kidato cha nne. Nikasema nina mitihani, nitakwenda nikimaliza. Nilimaliza, na matokeo hayakuwa ya kumwonyesha mjomba, nikasema nitakwenda nikishapata kazi. Nikaenda Tunduru kuchimba mawe ya vito, nikapata vumbi. Nikavuka mto nikakaa Msumbiji miaka miwili, katika vijiji ambavyo bibi yangu alikuwa akivitaja. Nikarudi Masasi, fundi mmoja akanifundisha kutengeneza mashine za kupulizia salfa, zile za kubeba mgongoni. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea na ndiyo iliyonizoesha kutokutulia. Msimu wa kupuliza unanikuta Newala, unaniacha Liwale. Nina begi la spana na sina mlango ninaoweza kuuita wangu.

Kila mwaka nilipita njia ya Ruangwa. Kila mwaka nilisema safari hii nitashuka Malolo. Siku moja nilimwona mjomba sokoni Ruangwa mjini, anachagua mbegu za mbaazi, ameinama kidogo begani kwa uzee. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, na nilijificha nyuma ya lundo la magunia mpaka alipoondoka. Nilimsikia akicheka na muuzaji. Nilibaki pale nimeshika gunia, na moyo unanivuta kumfuata, na miguu haitaki. Ninajua njia zote za kusini hii, mwanangu, lakini ile ya hatua ishirini kutoka kwenye magunia hadi kwake ilinishinda.

Unataka kujua nilichokuwa nakiogopa? Nilikuwa naogopa nitalima mstari wangu na hatakuja. Kumbe mtu anaweza kuogopa jibu mpaka akaacha kuuliza, na miaka ikampita.

Miaka mitatu iliyopita mama alinipigia simu nikiwa Nachingwea. "Kaka yangu hatoki nyumbani siku hizi," alisema. Nikanunua jembe jipya, nikapanda basi la Ruangwa, nikamalizia kwa bodaboda. Mvua zilikuwa zimekatika wiki mbili nyuma. Nililala kwa mtu wa kijiji cha jirani, na asubuhi jua halijachomoza nilikuwa shambani kwa mjomba.

Nilianza kulima. Mikorosho ilikuwa mikubwa, matawi yamegusana juu, na chini nyasi zilikuwa ndefu kuliko inavyofaa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Nilikuwa nasimama kila baada ya mkorosho mmoja, nasikiliza kama kuna jembe jingine linalogonga. Nilisikia njiwa tu. Jioni ya pili nilikaa kwenye udongo nilioupindua nikasema moyoni, hajasamehe, na ana haki.

Siku ya tatu, jua limepanda, nikasikia nyayo. Nilipoinuka nilimwona Mama Losa, mke wa mjomba.

"Ni wewe unayelima huku?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Amekusikia tangu juzi. Anasema jembe lako unaligonga kama mtu aliyekaa sana mjini." Akanitazama, akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Anakuita."

Mjomba alikuwa amekaa barazani juu ya kitanda cha kamba. Sukari ilikuwa imemchukua mguu wa kulia, umekatwa juu ya goti, na wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Mama hakuniambia. Nikapiga magoti pale chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umefika mstari wa wapi?"

"Nimefika kwenye kichuguu."

"Bado sana." Akatazama upande wa shamba. "Unajua, ule mwaka wa kwanza nilinoa jembe langu. Mvua zilipokatika nikasema, kesho atakuja. Mwaka wa pili nikalinoa. Miaka saba nimelinoa. Asubuhi nilikuwa naamka nasikiliza shambani. Mwaka wa nane nikamwambia Mama Losa, lichukue ulimie karanga. Akalilimia mpaka likaisha."

Nikasema neno pekee nililokuwa nalo. "Naomba radhi, mjomba."

"Ya mdomo chukua. Hiyo nilikupa zamani, kabla gari la yule mama halijafika Chunyu." Akagusa paja lake mahali mguu ulipoishia. "Lakini ya mstari, mwanangu, siwezi kukupa. Ungekuja nikiwa na miguu."

Mama Losa akaingia ndani. Sisi tukakaa. Kwa mbali mtu alikuwa anakaanga korosho, na moshi wake ulitufikia. Nikamwomba, kama mtoto anavyoomba, aniambie kitu kwa Kiingereza. Chochote, kama alivyokuwa akiwaambia mbuzi.

Akacheka. "Kimekwisha hicho. Ulimi nao ni kama njia, usipopitwa nyasi zinaota. Wageni wamekuja hapa mara nyingi tangu wakati ule, wananiita, nawaambia sijui. Mwisho nikawa kweli sijui."

Lakini alijaribu, kwa ajili yangu. Alivuta pumzi kama siku ile. Mkono wake ukaenda nyuma ya bega, ukarudi kifuani, mdomo ukafunguka, na hakikutoka kitu. Akauteremsha mkono kwenye kitanda. "Mikorosho ni yako," akasema kwa Kiswahili. "Hilo sikulibadilisha. Nenda kamalize, jua lisikukute kwenye kichuguu."

Nilikwenda nikamaliza mstari wangu hadi mwisho wa shamba. Ule wa pembeni, ambao ungekuwa wake, niliuacha na nyasi zake. Korosho za mwaka ule zilipoanza kudondoka, mjomba alifariki. Sasa shamba ni langu. Kila mwaka mvua zikikatika narudi Malolo popote nilipo, napalilia lote, nauacha ule mmoja. Watoto wa Mzee Nambole huniuliza kwa utani, "Fundi, macho yameanza? Umeruka mstari." Nawaambia ndiyo, macho yameanza.

Sasa nikueleze kwa nini nimeyafungua haya. Juzi, kwenye kibanda nilichopanga kwa msimu pale Nachingwea, vijana wawili wa sekondari waliokuja na mashine ya baba yao walikuwa wanacheka ujumbe kwenye simu. "Oya, cheki maza alivyoandika," mmoja alisema. Mama yake alikuwa amejaribu kumwandikia kwa Kiingereza ili amfurahishe, akachanganya yaliyopita na yajayo. Yule kijana alikuwa anawatumia wenzake wote wa darasani. Nilitaka kusema, nikarudi kwenye spana zangu. Nimeamua kuandika.

Mwanangu, Kiingereza jifunze, tena ukijue vizuri kuliko mimi. Ukianza kusimulia ya jana, yamalize ya jana, usimchoshe msomaji kwa kumrukisha huku na huku. Hiyo ni sheria ya haki na mwalimu wangu alikuwa sahihi. Ila binti wa dada yangu alinionyesha daftari lake mwaka jana, nami nikasoma mstari ambao nilipokuwa darasani sikuusikia kwa kujisifu: usichanganye nyakati bila sababu. Bila sababu! Kama jambo moja lilitokea zamani, na jingine linaendelea, na la tatu linakuja, sentensi moja inaweza kuyabeba yote, kila kitenzi na wakati wake. Aliyesafisha alisafisha zamani, mpandaji alikuwa amesimama pale, na mlaji alikuwa bado hajala. Vitenzi vya mjomba vilihitaji kunyooshwa, kweli. Lakini mpangilio wake ulikuwa sahihi, na mimi niliyevirundika vyote katika wakati uliopita ndiye niliyekosea. Ndivyo elimu nusu ilivyo. Inakupa kiboko kabla ya kukupa macho.

Kwa hiyo mtu akisema mbele yako kwa ulimi unaochechemea, kwanza sikiliza anasema nini. Huenda anakutaja wewe. Ukishaelewa, kama kuna kosa la kurekebisha, mngoje mkiwa wawili, umwombe ruhusa, umwambie kwa sauti ya chini. Akiwa ni mzazi, au mjomba, au yeyote aliyekaa njaa ili wewe usome, fikiri mara mbili kama kosa hilo linahitaji kurekebishwa kabisa. Lugha ya kigeni haitakufa kwa kitenzi kimoja kilichopinda. Mzee anaweza.

Na ukishakosa, maana utakosa, sisi sote ni wa kukosa, nenda leo. Usingoje ufaulu, usingoje upate kazi, usingoje upate zawadi ya kubeba. Nenda mikono mitupu, na uoga wako, na aibu yako. Wanaotungoja wanazeeka kila siku tunayojiandaa, na msamaha walio nao moyoni unahitaji mwili wa kuutoa.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa ufasaha. Akuepushe na kicheko kinachomnyamazisha mtu maisha yake yote. Awape wajomba zako na mama zako umri mrefu na afya, na siku utakayojipa moyo wa kwenda kwao, uwakute bado wanaweza kuinuka kuja kukupokea.